Kiti cha Kando ya Mkwe

Milembe alilichukia gari la mkwe wake kabla hajaliona. Alilisikia kwanza. Alikuwa shambani anapalilia pamba, mara ukaja mngurumo kutoka barabara ya Bariadi, mwembamba na wa hasira, kama mashine ya kusaga iliyoota miguu. Jirani yake, Klementina, akatupa jembe akapanda juu ya kichuguu, maana Klementina hajawahi kuacha jambo lipite bila kulikagua.

"Mayu wee!" akasema, mkono mdomoni. "Milembe, mkweo kanunua kitu."

"Kitu gani?"

"Nikwambie nini mimi? Gari si gari, trekta si trekta. Magurudumu manne manene, mlango hakina, kioo hakina. Vyuma tu vimepita juu kama kichanja. Mbele viti viwili vimebanana, nyuma kibodi cha mizigo. Na mwenyewe kakaa humo kanyoosha shingo, utadhani mkuu wa wilaya!"

Milembe alikaza macho. Hakuona kitu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu tangu mwaka juzi. Cha karibu alikiona, cha mbali kilikuwa rangi tu zinazotembea. Lakini akili haikuwa na ukungu hata chembe, na swali lililomjia lilikuwa moja.

"Hela kaitoa wapi?"

Klementina hakuwa na jibu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu Klementina akikosa jibu hulitengeneza.

Miaka hiyo ndiyo soko la pamba lilikuwa limefunguliwa. Zamani pamba yako ulipeleka ushirika, upende usipende, ukangoja malipo mpaka uote mvi. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mzani wake na lori lake, na watu wakaanza kununua na kuuza hata vitu ambavyo baba zao hawakuvijua majina. Kule upande wa pori la akiba kulikuwa na kambi ya wazungu wawindaji. Msimu ulipoisha mwenye kambi akaamua kufunga, akauza kila kilichokuwamo: mahema, majokofu, vitanda vya kukunja, pamoja na hicho kidude alichokuwa akikatiza nacho porini mahali ambapo magari makubwa hayaingii. Aliyekinunua ni Luhaga wa kijiji cha Zagayu, mume wa Specioza, binti wa Milembe.

Luhaga alikuwa na maelezo yake. Malori ya wanunuzi yanazama, alisema; udongo wetu mweusi ukilowa haumwachii mtu gurudumu. Hiki ni chepesi, hakizami. Wakati wa mavuno atatoa pamba mashamba ya mbali mpaka mizanini, masika atabeba dawa ya wadudu, unga, hata wagonjwa. Maelezo mazuri, nani kakataa? Lakini Zagayu mali ni ng'ombe. Mtu akitokea na chuma kipya, ujue kuna zizi limepungua mahali. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kidude kinakunywa petroli kiasi gani. Watu waliuliza ng'ombe waliouzwa ni wa nani.

Na mwenye sababu ya kuuliza kuliko wote alikuwa Milembe.

Mumewe, Mboje, alipofariki, mdogo wa marehemu aitwaye Nyanda alikuja kudai arithi mjane na zizi kwa pamoja. Milembe alimkatalia vyote viwili mbele ya ukoo. Na kwa kuwa alimjua shemeji yake vizuri, hakungoja: ng'ombe wote wa Mboje waliswagwa kwenda kwa mkwe, wakakae huko. Ndiyo desturi yao ya kubilisa. Unamkabidhi mtu ng'ombe wako, yeye anapata maziwa na samadi, ila ng'ombe na uzao wake wanabaki wako. Hao ng'ombe ndio walikuwa uzee wote wa Milembe. Bila wao angekuwa bibi wa kuomba chumvi mlangoni kwa Nyanda, na Nyanda angempa hiyo chumvi mbele za watu, akicheka.

Sasa utasema, si angekwenda tu kwa mkwe akamuuliza? Thubutu! Ukwe wa kwao haukuwa mchezo. Tangu Luhaga amwoe Specioza, Milembe hajawahi kumtazama usoni. Wakikutana njiani, mama huingia kwenye pamba upande huu na mkwe huingia kwenye mahindi upande ule. Hawali pamoja, hawakai pamoja, hawaongei ana kwa ana. Likiwapo neno la lazima linapitishwa kwa mtu wa tatu, na mtu wa tatu akikosekana anaambiwa mbwa, au kinu, na mhusika anasikia kwa bahati tu. Kwenye zizi la mkwe ndiyo kabisa, mama hakanyagi. Mtu unayemheshimu kiasi hicho, utamuulizaje kama amekuibia?

Akaanza na Specioza, siku alipokuja kumsalimu na tumbo lake kubwa.

"Mayu, ng'ombe zako zipo," Specioza akasema.

"Umeziona?"

"Si nazikamua asubuhi na jioni!"

"Na nani kakufundisha kusema hivyo?"

Specioza aliinuka. Halafu akachukua ungo wake akaondoka bila kuaga. Milembe akatikisa kichwa. Mke wa mtu, akajiambia, husema la mumewe.

Klementina naye hakulala. "Na kile kiti cha pili?" aliuliza siku moja wanachambua mboga. "Kiti cha nani kile? Specioza hakikalii. Nasikia Lagangabilili kuna mama mmoja wa hoteli anakifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe."

Milembe alijua kwamba Specioza hakikalii kwa sababu kinarusha na yeye ni mjamzito. Specioza alimwambia kwa mdomo wake. Lakini shaka ikishaingia ndani ya nyumba hula chochote, na hilo nalo Milembe aliilisha.

Jioni moja hakuweza tena kuvumilia. Alijifunga kaniki yake, akazunguka kwa mbali nyuma ya uzio wa minyaa wa Luhaga, akajibanza saa ya ng'ombe kurudi. Kama mwizi, yeye mwenye mali! Zamani ng'ombe wa pale walipokuwa wakirudi, vumbi lilipanda mpaka njia haionekani, kwa maana wa Luhaga na wa marehemu walichungwa pamoja. Jioni hiyo zilipita rangi chache: nyekundu, nyeupe, nyekundu, mabaka. Basi. Lango la miiba likafungwa na kimya kikaingia. Milembe alibaki ameshika tawi la mnyaa mpaka utomvu ukamchuruzika mkononi.

Alipiga hesabu ambayo mtu yeyote angeipiga. Kundi lilikuwa la watu wawili, nusu imekwenda. Mtu gani mwenye akili timamu anauza ng'ombe zake anaacha za mwenzake? Hayupo. Hajazaliwa. Kwa hiyo zilizobaki ni za Luhaga, na za Mboje ndizo zilizogeuka chuma kisicho na mlango.

"Kanimaliza," akasema kwa sauti, peke yake gizani, na akalia njia nzima.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Alimtuma mtu kwa Nyanda, maana nani mwingine wa ukoo angeweza kuingia zizi la mkwe?

Nyanda alifika haraka mno, kama aliyekuwa amekaa nyuma ya nyumba anangoja kuitwa. Alimsikiliza shemeji yake mpaka mwisho akiguna guna kwa huruma. Milembe akamwambia: mkwe kaziuza ng'ombe za kaka yako. Zilizobaki ni zake. Nenda kazichukue hizo hizo badala ya zetu, uzilete hapa kwangu.

"Hapa kwako," Nyanda akarudia. "Wala usihangaike, shemeji. Nimeelewa."

Wiki hiyo Luhaga alikuwa Bariadi. Kile kidude kina mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu, nao ulikuwa umeliwa. Fundi alimcheka kwanza, kisha akamwambia angoje atafutiwe unaofanana Mwanza. Specioza alikuwa ndani, amejifungua juzi yake. Nyanda akaingia na vijana wake, akafungua lango akaswaga wote, na wanawake waliokuwa wakimuuguza Specioza wakaishia kupiga kelele.

Milembe alishinda akiziba matundu ya zizi lake la zamani kwa miiba mipya. Jioni akasikiliza. Hakuna kengele, hakuna kwato. Asubuhi yake akasikiliza tena, mpaka Klementina akaja anahema. "Wameonekana! Wamevuka korongo, wanaelekea Mwanhuzi. Kesho kuna mnada kule."

Milembe alikaa chini palepale, juu ya miiba iliyobaki, wala hakusikia ikimchoma.

Alfajiri ya siku ya mnada, kwenye kijua kile cha kwanza, mngurumo ulisimama nje ya uzio wake. Mtu akakohoa. Ni Luhaga, amesimama nyuma ya minyaa na mgongo wake ameuelekeza nyumbani, kama inavyotakiwa. Mbwa wa Milembe alikuwa amelala mlangoni.

"Wewe mbwa," Luhaga akasema, "mwambie mwenye nyumba kwamba nimerudi usiku nikakuta zizi jeupe. Mwambie ng'ombe wanauzwa leo. Nikienda peke yangu wataniuliza mwenye mali yuko wapi, na Nyanda ni ndugu wa marehemu, mimi ni mkwe tu. Aje mwenyewe aseme."

Milembe, ndani, mgongo ukutani, akasikia kila neno. Na unadhani alifurahi? Jambo la kwanza alilowaza ni hili: labda wamepanga. Labda yeye na Nyanda wanagawana, na huko mnadani ananipeleka nikatie sahihi ya dole gumba. Lakini abaki nyumbani ili afanye nini? Akavaa.

"Mbwa," akasema, "mwambie nakaa nyuma, kwenye mizigo."

Na nyuma akakaa, juu ya magunia matupu, akishikilia dumu la petroli, mgongo kwa mgongo na mkwe. Aibu ilikuwa ya kuvumilika. Ila kile kibodi cha nyuma kimetengenezwa kumwaga mzigo. Kina komeo la kukizuia, na komeo lilikwisha katika siku za mzungu. Luhaga alikuwa amelifunga kwa kamba ya katani. Hawajafika mbali, wakapanda mwinuko wa kwanza, kamba ikasema paa! Kibodi kikainuka, na Milembe, magunia na dumu vikamwagwa barabarani kama pamba inavyomwagwa ghalani.

Luhaga alishuka mbio, kisha akakumbuka, akageuka akatazama mti.

"Gari!" akaliita. "Muulize mama kama ameumia!"

Milembe alikuwa amekaa kwenye tope mpaka kiunoni. Hakuumia popote isipokuwa kwenye heshima. "Gari," akajibu kwa ukali, "mwambie mwenye wewe kwamba ningetaka kuuawa ningerithiwa na Nyanda."

Kamba ilikuwa vipande. Kilichobaki ni kile kiti cha mbele. Kile kile.

Milembe alivua kaniki yake ya juu, ambayo tope halikuifikia, akabaki na gauni, akaitundika kwenye vyuma kati ya viti viwili na kuifunga mafundo juu na chini, ikawa ukuta. Ndipo akapanda. Nyie, hivyo viti vimesogeleana, usione mchezo! Injini iko chini ya makalio, inatoa joto kama jiko la mkaa. Kila shimo mabega yanagongana, kaniki isaidie isisaidie, na kila yalipogongana Milembe alisema "Ee Mungu" na mkwe upande wa pili akakohoa. Alikuwa hajawahi kuwa karibu na mwanaume huyu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake. Alijikunja kwenye ukingo wa nje mpaka nusu ya mwili ikawa hewani.

Lakini alikuwa karibu naye, na hakukuwa na mtu wa tatu, na swali lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya palizi.

"Gari," akasema, akitazama mashamba. "Muulize mwenye wewe alikununua kwa mali gani."

Luhaga akajibu: "Gari, mwambie kwa ng'ombe."

"Gari, muulize ng'ombe za nani."

Luhaga alikwepa shimo kwanza.

"Gari, mwambie akifika mnadani azishike kwa mkono wake."

Ndiyo jibu hilo? Milembe alikunja uso. Mtu mwenye jibu zuri hulitoa, hakwambii ungoje. Shaka ikapanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno.

Ikapanda zaidi walipofika kwenye korongo. Maji yalikuwa yanapita, si mengi, ya magotini. Luhaga akaliingiza gari, wakatoka upande wa pili, na pale ukingoni injini ikalia kwa sauti ya juu kuliko siku zote huku magurudumu yakikataa katakata kusogea. Luhaga akakanyaga mafuta. Kelele tu. Akazima.

"Gari, mwambie mama kwamba mkanda umelowa. Unateleza. Tungoje ukauke."

Tungoje! Jua linapanda, mnada umeshaanza, na yeye anataka wangoje! Gari zima, injini ilinguruma, haina moshi, haina kilichokatika, halafu ati haliendi? Milembe akajiambia: Hivi ndivyo walivyopanga. Nikae hapa nitazame maji mpaka ng'ombe wa mwisho apigiwe nyundo. Alitaka kushuka aende kwa miguu, na kwa miguu asingefika hata kesho.

Luhaga alishuka, akainua kiti chake, akafungua kifuniko fulani ndani. Akajaribu kupangusa kwa shati lake, nalo lilikuwa limelowa chapachapa. Magunia yalikuwa tope tupu. Akasimama amegeukia mtoni.

"Gari," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, "mwambie mama nahitaji kitambaa kikavu. Kikavu ni kimoja tu."

Milembe aliangalia ile kaniki iliyokuwa inapepea kati ya viti. Akaelewa. Akiitoa, hakuna ukuta. Ataingia Mwanhuzi mchana kweupe amekaa kando ya mkwe wake, bega kwa bega, mbele ya nusu ya watu wanaomfahamu. Asipoitoa, na kama mtu huyu hadanganyi, ng'ombe wamekwenda. Kama anadanganya, amekwisha kwa vyovyote.

Alifungua mafundo kwa meno. Akaitupa nyuma yake bila kugeuka.

Luhaga alipangusa, akazungusha, akapangusa tena. Akawasha. Gari likasogea.

Hivyo wakaenda hadi Mwanhuzi. Milembe alitazama upande wa nje mpaka shingo ikauma. Luhaga, ambaye asingeweza kutazama pembeni kwa kuwa ndiye dereva, alikaza macho mbele kama mtu aliyevishwa ubao shingoni.

Watu wa mnadani waliwaona kabla hawajasimama. Kelele za madalali zikapungua, kisha zikageuka kicheko. Nyanda alikuwa kwenye uzio wa magogo, fimbo begani, na ng'ombe nyuma yake.

"Tazameni!" akapaza sauti. "Tazameni mambo ya soko huria! Mtu na mama mkwe wake kwenye kiti kimoja kama maharusi! Halafu huyu mnataka aje aseme habari ya mali?"

Watu wakacheka zaidi. Milembe alishuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi na gauni limekauka tope, lakini alitembea mpaka kwa mwenyekiti wa mnada, mzee mmoja wa makamo mwenye koti la mvua, akasema ng'ombe wale ni wake na hawauzwi.

"Huyu hapa anasema si wako," mwenyekiti akasema. "Anasema ni wa huyu mkweo, aliuza wa marehemu akanunua hiki kigari, na yeye kachukua hawa kama fidia ya ukoo. Anasema wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia hivyo."

"Nilimwambia."

"Kwa hiyo ni kweli."

Nyanda alikunja mikono, anatabasamu. Milembe alisimama katikati ya watu wale wote, na kitu kimoja tu kilimjia: azishike kwa mkono wake.

"Nataka kuzishika," akasema.

Wakamwachia njia. Mboje alikuwa na alama yake, kama kila mwenye zizi: mapengo mawili kwenye ukingo wa chini wa sikio la kushoto. Alama ya Luhaga ilikuwa tundu la duara katikati ya sikio. Hata Klementina alilijua hilo. Milembe akamfikia ng'ombe wa kwanza, jike kuukuu lenye pembe iliyoinama, akapapasa. Pengo, pengo. Huyu wa Mboje! Akaenda kwa wa pili. Pengo, pengo. Labda kawaacha wazee wawili, akawaza, wasionunulika. Maana shaka haiondoki kwa kugongwa mara moja tu.

Akamshika mtamba mwekundu, mwenye mimba. Huyu hakumjua kabisa. Amezaliwa kwa Luhaga, Mboje akiwa kaburini siku nyingi. Akapapasa sikio, taratibu, kwa kidole gumba.

Pengo, pengo.

Akamwendea mwingine, na mwingine, akipiga magoti kwa ndama, akivuta masikio madogo, na ng'ombe wakimlambalamba mikono yenye tope. Kila ndama aliyezaliwa katika zizi la Luhaga alikuwa amekatwa alama ya marehemu. Hakukuwa na aliyemlazimisha, na hakukuwa na mtu wa kumkagua: yeye mjane haruhusiwi kusogea pale, na macho hana. Tundu la duara hakulipata kwenye sikio hata moja.

"Za mkwe wangu ziko wapi?" akauliza.

"Za Luhaga?" dalali mmoja akajibu kutoka juu ya uzio. "Mama, za Luhaga tuliziuza hapahapa kiangazi kilichopita. Mimi ndiye niliyezinadi. Zote. Tulimcheka sana, mtu kumaliza zizi lake kwa ajili ya chuma."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mwenyekiti akapapasa masikio mawili matatu kwa mkono wake, akamgeukia Nyanda. "Sasa fidia ya nini, bwana? Hawa si ndio hao hao wa marehemu?"

Nyanda akaanza kusema kitu kuhusu ukoo na heshima na wanawake wanaokaa na wakwe zao.

"Nimekaa," Milembe akamkatiza. Dalali alisimulia baadaye kwamba hakujua bibi yule ana sauti ile. "Nimekaa naye bega kwa bega kutoka korongoni, na narudi naye hivyo hivyo. Mwenyekiti, nilisema uongo juu ya mtoto wa watu. Naufuta mbele ya mliousikia. Ng'ombe ni zangu, zinarudi alikozitunza."

Nyanda aliondoka kabla ng'ombe hawajatolewa uzioni. Luhaga akawakabidhi wachungaji wawili aliowafahamu, akawasha gari, na Milembe akapanda kwenye kiti kile bila kuambiwa. Kaniki ilikuwa imejaa grisi. Akaikunja akaiweka mapajani, hakuitundika.

Aibu aliyokuwa nayo haikuwa tena ya kukaa pale. Ilikuwa nyingine, na ilimkaa kifuani kama tonge la ugali lililokwama. Alikumbuka ungo wa Specioza. Alikumbuka jioni ya minyaa, na neno "kanimaliza" alilolisema gizani. Na mjukuu, ambaye hajamshika hata mara moja!

Baada ya mwendo, Luhaga akakohoa.

"Gari," akasema, "mwambie mama kwamba ukwe umevunjika leo, na anayevunja hulipa. Nikifika nitaleta mbuzi wa kuosha aibu."

"Gari," Milembe akasema haraka, "mwambie dereva wako anyamaze."

Luhaga akanyamaza.

"Mwambie aliyevunja ni mimi, na nimevunja kabla hata sijapanda humu. Mwambie yule mtamba mwekundu ni wake." Akaikunja kaniki upya. "Na ndama akizaliwa, asimkate pengo za Mboje. Amekata za kutosha. Huyo amtoboe tundu lake mwenyewe, aanze upya zizi lake."

Gari likapunguza mwendo, likasimama katikati ya barabara. Hakukuwa na tope pale, wala maji. Injini ilikuwa inanguruma tu chini yao, na shaka, ambayo haifi siku moja, ikanyanyua kichwa.

"Gari, mbona tumesimama?" akauliza. "Ni mkanda tena?"

"Hapana, mama," akasema Luhaga, akijifuta machozi kwa mkono wa shati, na safari hii hakuliambia gari.